Walimwaga Rangi Tu? Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Uchoraji wa Mkono Huru Ulaya Baada ya Vita

Kuanzia mwaka 1945 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, wachoraji wengi wa Paris, Frankfurt, Düsseldorf, Venice na Barcelona waliacha kuchora vitu vinavyotambulika. Waliachana pia na miraba na duara zilizotawala uchoraji dhahania kabla ya vita. Kilichobaki kwenye turubai ni doa, mchirizi, mkwaruzo na ukoko wa rangi. Wahakiki waliuita uchoraji huo kwa majina mengi, na mawili yaliyodumu ni tashizimu (kutokana na neno la Kifaransa la doa) na sanaa informeli (isiyo na umbo maalumu).

Picha hizi huhukumiwa haraka kwa sababu zenyewe zinaonekana kuwa zimetengenezwa haraka. Mtazamaji anauona mkono, lakini hayaoni maandalizi: rangi iliyochanganywa kwa uzito fulani, karatasi mia zilizotupwa, turubai iliyofutwa mara tano. Karibu kila dhana potofu iliyomo humu imetokana na hayo yasiyoonekana.

Dhana: Walichora bila kupanga chochote

Hakuna anayeivunja dhana hii kama Hans Hartung. Alizaliwa Leipzig mwaka 1904, akaikimbia Ujerumani ya Wanazi, akajiunga na Jeshi la Kigeni la Ufaransa, na mwaka 1944 akapoteza mguu karibu na Belfort. Turubai zake za miaka ya 1940 na 1950 zina michirizi myeusi mikali ambayo mtu angeapa kuwa ilipigwa kwa pumzi moja.

Nyingi kati ya hizo ni nakala. Hartung alianza na karatasi ndogo, akitumia wino, pasteli au rangi ya maji, na hapo kweli mkono ulikwenda kasi. Baada ya kujaza karatasi nyingi alichagua iliyomridhisha, akaigawa kwa miraba, akachora miraba hiyohiyo kwa ukubwa zaidi kwenye turubai, kisha akaihamisha picha mraba kwa mraba. Pale ambapo brashi ya kwanza iliishiwa wino na kuacha nyuzinyuzi, alizichora upya nyuzi hizo kwa brashi ndogo. Mchirizi uliochukua sekunde moja kwenye karatasi ungeweza kumgharimu saa nyingi kwenye turubai. Alifanya hivyo tangu miaka ya 1930 hadi karibu mwaka 1960.

Sababu ya kwanza ilikuwa umaskini: turubai na rangi ya mafuta vilikuwa ghali, na hakumudu kuviharibu kwa majaribio. Ya pili ni ya kimaumbile. Kwenye karatasi ya sentimita 30 mstari mzima hutoka kwenye kifundo cha mkono, na wino mwepesi hauwekei brashi ukinzani. Ukitaka mstari uleule uwe na urefu wa mita moja na nusu, lazima bega na kiuno vifanye kazi, rangi ya mafuta huivuta brashi nyuma, na brashi huishiwa rangi kabla ya kufika mwisho. Mstari unaopatikana hivyo una tabia yake tofauti. Hartung alitaka ule wa kwanza.

Atakayesimama mbele ya picha ya namna hii na aangalie kingo za mchirizi. Mstari uliopigwa kwa kasi huacha alama za nywele za brashi zilizo sambamba tangu mwanzo hadi mwisho, na ukingo wake hukatikakatika pale rangi inapopungua. Mstari uliojengwa polepole huwa na ukingo uliofungwa, na mara nyingi rangi ya nyuma imepakwa baadaye na kuupunguza mstari kidogo.

Je, Hartung alidanganya watu? Hapana. Alichokitaka ni picha yenye nguvu ya tendo la ghafla, na alijua kwamba tendo la ghafla lenyewe mara nyingi huzaa picha mbovu. Mwaka 1960 alipata Tuzo Kuu ya uchoraji katika Biennale ya Venice, maonyesho ya kimataifa ya sanaa, na karibu na wakati huo ndipo alipoanza kuchora moja kwa moja kwenye turubai kubwa kwa rangi za vinaili na akriliki zinazokauka upesi, akikwaruza rangi ikiwa mbichi na kuipuliza kwa mashine. Mwishoni mwa maisha yake, akiwa kwenye kiti cha magurudumu huko Antibes, alitumia bomba la kupulizia dawa za mimea. Mwaka 1989, ambao ndio aliofariki, alimaliza turubai zaidi ya 300.

Mwingine ni Henri Michaux, mshairi na mchoraji aliyezaliwa Namur, Ubelgiji. Alama zake za wino alizozichapisha mwaka 1951 zilichaguliwa kutoka karatasi zipatazo 1,200, na zilizoingia kitabuni ni kurasa 64. Wino ukigusa karatasi haufutiki, kwa hiyo kupanga kwake kulikuja baada ya kuchora, wakati wa kuchagua na kutupa.

Dhana: Waliiga wachoraji wa Marekani

Tarehe zinaikataa. Jackson Pollock alianza kudondosha rangi kwenye turubai iliyolazwa sakafuni mwaka 1947. Hartung alikuwa amekwishachora madoa ya rangi ya maji yasiyo na umbo la kitu chochote mwaka 1922, akiwa kijana wa miaka 18. Mfaransa Jean Fautrier alionyesha mfululizo wake wa Mateka mwaka 1945 katika jumba la sanaa la René Drouin, Paris. Wols, Mjerumani ambaye jina lake halisi ni Alfred Otto Wolfgang Schulze, alionyesha picha zake ndogo za karatasi mahali hapohapo mwishoni mwa mwaka huo. Mwaka 1947 akarudi na turubai za mafuta zenye michirizi, mikwaruzo na rangi iliyoachwa ichuruzike. Hakuna kati yao aliyehitaji kusubiri meli kutoka New York.

Pollock alionekana Ulaya kwa mara ya kwanza mwaka 1948, mkusanyiko wa Peggy Guggenheim, Mmarekani mkusanyaji wa sanaa, ulipoonyeshwa Venice. Paris iliziona picha zake na za Willem de Kooning kando ya zile za Hartung, Wols, Georges Mathieu na Jean-Paul Riopelle mwezi Machi 1951, katika maonyesho yaliyoandaliwa na mhakiki Michel Tapié kwenye jumba la Nina Dausset. Maonyesho ya Pollock peke yake yalifuata mwaka 1952 katika studio ya Paul Facchetti.

Kufanana kunakoonekana kati ya pande hizi mbili kuna maelezo yake: zilichota katika chemchemi moja. Wasurrealisti wa Paris, wasanii waliochota katika ndoto na fikra zisizoongozwa, walikuwa wakichora bila kuuongoza mkono tangu miaka ya 1920. André Masson alianza michoro hiyo ya wino mwaka 1924, akaja kumwaga gundi na mchanga kwenye turubai mwaka 1926 na 1927. Masson huyo huyo aliishi Marekani wakati wa vita. Stanley William Hayter, mwalimu wa uchapaji wa picha, aliihamisha karakana yake kutoka Paris hadi New York mwaka 1940, na Pollock alifanya kazi ndani yake. Kusema Ulaya iliiga ni kulisoma somo kuanzia katikati.

Ni kweli kwamba baada ya mwaka 1958, maonyesho makubwa ya uchoraji mpya wa Marekani yalipozunguka miji ya Ulaya, vijana wengi waliigeukia New York. Lakini hiyo ni sura nyingine, na wakati huo Wols alikuwa na miaka saba kaburini.

Dhana: Kuchora haraka ni kazi ya mtu asiye na bidii

Wahenga wametuachia “haraka haraka haina baraka”, na mbele ya picha za Georges Mathieu methali hiyo humtoka mtu mdomoni yenyewe. Mathieu alitaka kasi, na aliitetea waziwazi: kasi iwe juu ya yote, maumbo yasifikiriwe kabla, mwendo wa mkono usipangwe, na mchoraji awe katika umakini unaokaribia kupandwa na mzuka. Turubai yake ya mwaka 1954 kuhusu wafalme wa Ufaransa wa ukoo wa Capet, iliyo katika mkusanyiko wa Centre Pompidou, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya Paris, ina urefu wa mita 6 na kimo kinachokaribia mita 3. Aliimaliza kwa saa 1 na dakika 20. Mwezi Mei 1956 alipanda jukwaani katika ukumbi wa Sarah-Bernhardt, Paris, mbele ya watazamaji wapatao 2,000, akachora turubai ya mita 4 kwa 12 kwa chini ya nusu saa. Inaelezwa kuwa alitumia hadi tyubu 800 za rangi.

Hiyo idadi ya tyubu inaeleza mengi kuhusu mbinu yake. Turubai ile ina eneo la mita za mraba 48. Mchoraji anayechovya brashi kwenye kibao cha rangi, arudi, achanganye, achovye tena, hawezi kulifunika eneo hilo kwa nusu saa. Kwa hiyo Mathieu alikata hatua ya kibao: alikamua tyubu moja kwa moja juu ya turubai, na mstari ukatoka mnene na wenye mgongo. Mandharinyuma, ambayo mara nyingi ni rangi moja tulivu, ilitangulia, ili mistari ya juu isizame wala kuchanganyika nayo. Mtu huyu alifanya bila mpango ile sehemu ya mwisho tu.

Kwa maoni yetu, aliyeichimba kasi kwa kina zaidi ni Karl Otto Götz. Mwaka 1952, mwaka ambao yeye, Bernard Schultze, Otto Greis na Heinz Kreutz walionyesha pamoja Frankfurt na kuitwa Quadriga, aligundua nini kinatokea rangi inapowekwa juu ya gundi mbichi ya kubandikia karatasi za ukutani. Hatua zake zilikuwa hizi. Turubai nyeupe ililazwa sakafuni na kupakwa gundi. Kabla gundi haijakauka, alipiga rangi nyepesi kwa brashi pana. Papo hapo akavuta juu yake ubao wenye ukingo wa mpira, wa aina inayotumika kusukumia maji sakafuni. Ubao ukaifagia rangi, ukairusha pembeni na kufungua njia nyeupe katikati ya weusi. Mwisho alipita na brashi kavu pale weupe na weusi ulipokutana. Kila hatua ilichukua sekunde chache. Matokeo yasipompendeza alifuta yote na kuanza upya, jambo linalowezekana kwa sababu gundi huzuia rangi kushika turubai upesi. Tena alikuwa na michoro ya mpangilio aliyoirudia katika picha nyingi, akitafuta tofauti zinazoletwa na kasi yenyewe.

Anayetaka kuielewa mbinu hii kwa mikono yake anaweza kuijaribu kwenye karatasi nzito. Koroga kikombe 1 cha unga wa ngano na kikombe 1 cha maji baridi hadi mabonge yaishe, ongeza vikombe 4 vya maji, pika kwa moto mdogo ukikoroga mpaka iwe laini na ing’ae kidogo, kisha iache ipoe kabisa. Pakaza unene wa milimita 1 hadi 2. Chukua rangi ya maji nzito iliyolegezwa hadi itiririke kutoka kwenye brashi, piga mapigo mawili au matatu, na kabla ya sekunde 10 kwisha vuta ukingo wa mpira mara moja bila kusita.

Gundi ikiwa nzito mno, mpira huruka-ruka na kuacha ngazi za mistari. Ikiwa nyepesi mno, rangi hukimbilia kwenye bonde la karatasi na kufanya dimbwi. Mkono ukisita katikati, pale uliposita patabaki ukuta wa rangi ambao haufutiki bila kuharibu vingine. Feni izimwe, maana utando wa juu ukianza kukauka rangi huchanika vipandevipande. Gundi ya unga isikae zaidi ya siku moja au mbili kwenye joto, huchacha na kuota ukungu. Baada ya karatasi kumi hivi utaona kitu ambacho maelezo peke yake hayakuonyeshi: kasi haikuachii nafasi ya kurekebisha, hivyo kila uamuzi lazima uwe umefanywa kabla, kwenye uzito wa gundi, upana wa mpira na mahali pa kusimama.

Götz alifundisha katika Chuo cha Sanaa cha Düsseldorf tangu mwaka 1959 hadi 1979. Gerhard Richter na Sigmar Polke walipitia darasani kwake, na ubao mrefu ambao Richter aliutumia baadaye kuvuta rangi juu ya turubai una nasaba inayojulikana.

Dhana: Mtoto au sokwe angeweza

Sokwe alijaribu kweli. Aliitwa Congo, aliishi London, na mwaka 1957 michoro yake ilionyeshwa huko na Desmond Morris, mtaalamu wa wanyama aliyekuwa mchoraji pia. Michoro hiyo inastahili heshima kwa inachokieleza kuhusu sokwe: Congo alikuwa na hisia ya uwiano na alirudia umbo la upepeo. Lakini binadamu ndiye aliyemchagulia karatasi, akamtayarishia rangi, na akaamua ipi itundikwe.

Mwaka 2011 Angelina Hawley-Dolan na Ellen Winner wa Boston College walichapisha jaribio ambamo watu walionyeshwa jozi za picha dhahania, moja ya msanii mashuhuri na nyingine ya mtoto au mnyama. Washiriki, hata wasiosomea sanaa, waliichagua ya msanii mara nyingi kuliko ambavyo bahati ingeruhusu, hata pale majina yalipobadilishwa makusudi. Hawakupatia kila mara, na hilo nalo tulikubali.

Dhana: Ilikuwa kilio cha vita tu

Kuna ukweli ndani yake. Fautrier aliyachora Mateka akiwa amejificha kwenye zahanati ya Châtenay-Malabry, mahali ambapo milio ya bunduki za Wajerumani wakiwaua wafungwa ilisikika. Wols alifungwa kambini Ufaransa tangu mwaka 1939 kwa kuwa alikuwa Mjerumani. Ila Hartung alianza miaka 17 kabla ya vita, na mchoraji Mfaransa Pierre Soulages alikataa kabisa picha zake zisomwe kama shajara ya hisia. Ndiyo maana aliziita kwa vipimo na tarehe peke yake.

Dhana: Wote walifanya kitu kimoja

Hapa majina ya makundi yameleta madhara. Fautrier, anayetajwa kila mara kama baba wa mkondo huu, hakuwa na haraka hata kidogo. Alibandika karatasi kwenye turubai, akaweka juu yake tabaka nene la unga wa chaki uliochanganywa na gundi, akalitandaza kwa kisu kipana, akanyunyiza rangi ya unga au pasteli iliyosagwa, kisha akachora mstari mwembamba juu. Unene ule usingewezekana kwa rangi ya mafuta bila kusubiri miezi mingi na kuhatarisha nyufa, na karatasi ilikuwapo ili ibebe uzito.

Soulages, aliyezaliwa Rodez mwaka 1919, alichagua vifaa vya mafundi. Mwaka 1947 alianza kuchora kwenye karatasi kwa rangi ya maganda ya jozi (aina ya kokwa), ile ya kahawia ambayo maseremala huipaka mbao, akitumia brashi pana za wapaka nyumba. Mwaka 1948 akachora kwa lami kwenye vipande vya kioo. Mapigo yake ni mazito na mapana, na yamepangwa ili jicho liyapokee yote kwa mara moja kama ishara, lisiufuate mkono ulivyosafiri. Kumweka chapa moja na Mathieu ni kutomwangalia yeyote kati yao.

Kundi la CoBrA, lililoundwa Paris tarehe 8 Novemba 1948 na Asger Jorn, Karel Appel, Constant, Corneille na wenzao, lilipiga rangi kwa nguvu ileile, lakini picha zao zimejaa ndege, macho na viumbe. Hawa hawakuwa wachoraji dhahania kwa maana kamili. Barcelona, Antoni Tàpies alichanganya unga wa marumaru na gundi akajenga kuta za kukwaruzwa. Italia, Alberto Burri, ambaye alikuwa daktari, alishona magunia.

Dhana: Ulikuwa mchezo wa wanaume

Judit Reigl alizaliwa Hungaria mwaka 1923, akatoroka nchi yake mwaka 1950 baada ya kushindwa mara kadhaa, na akafika Paris. Katika mfululizo wake wa Milipuko, ulioanza mwaka 1955, alichanganya rangi na mafuta ya kitani hadi ikawa tope, akaitupa kwenye turubai kwa mkono, kisha akaikwangua kutoka katikati kwenda nje kwa fimbo ya chuma ya pazia na vyuma vingine. Turubai zilizoharibika alizitandika sakafuni. Kwa miaka mingi rangi ilizidondokea, akazikanyaga, tabaka juu ya tabaka, mpaka akazinyanyua na kuzikwangua. Huo ndio mfululizo alioupa jina la kinyesi cha ndege cha mbolea, Guano. Ni miongoni mwa kazi zenye nguvu kuliko zote za kipindi hicho, na inasikitisha kwamba vitabu vingi vya zamani vinampita bila kumtaja.

Dhana: Rangi ikishakauka, kazi imekwisha

Wahifadhi wa makumbusho wangependa iwe hivyo. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kutoka. Hushika kwa kuvuta oksijeni, na huanzia juu. Ukamuaji wa tyubu wenye unene wa sentimita moja hufunga ngozi ndani ya wiki, huku ndani ukibaki mbichi kwa miaka. Ngozi hiyo hujikunja kwa kuwa inatanuka wakati chini yake kungali laini. Tabaka linalokauka upesi likiwekwa juu ya lile linalokauka polepole hupasuka. Na rangi nzito ikiwekwa juu ya tabaka lililokwisha kuwa telezi na la kung’aa hubanduka kama bamba, tatizo lililoonekana kwenye baadhi ya turubai za Soulages za mwaka 1959 na 1960.

La kushangaza zaidi ni rangi kurudi kuwa laini. Katika baadhi ya picha za miaka ya 1950, za Riopelle mojawapo, rangi iliyokuwa imekauka miongo mingi imeanza kunata na kutoa matone. Uchunguzi wa kikemia unaelekeza kwenye mafuta yenyewe: yale yasiyoshika vizuri, pamoja na viongezo vya viwandani, huvunjika taratibu na kuacha asidi za mafuta zisizo na kitu cha kuzifunga, na unyevu huongeza kasi.

Kwa hiyo picha za aina hii hazifungwi kwa plastiki inayogusa uso wake, wala haziegemezwi uso kwa uso. Vumbi huondolewa kwa brashi laini kavu, si kwa kitambaa chenye maji, maana nyingi hazina vanishi na nyingine, kama za Fautrier, zina unga wa rangi ambao haujafungwa na chochote. Kuzipaka vanishi ili zing’ae hulifanya pasteli lile kuwa jeusi, na halirudi tena lilivyokuwa.